Uzito wa Ngoma ya Rumanyika: Filamu za Marvel na Suala la Mpangilio

Ukiingia duka la kuweka muvi pale Kayanga au Nkwenda ukaomba uwekewe filamu zote za Marvel za 2008 hadi 2019 kwenye flashi, utarudi nyumbani na mpangilio ambao hakuna mtunzi aliyeukusudia: mpangilio wa alfabeti. Ukichomeka flashi kwenye televisheni, ya kwanza kujitokeza ni Ant-Man, ya mwaka 2015. Inafuata Ant-Man and the Wasp, ya 2018, ambayo baada ya hadithi yake kwisha inaonyesha watu wakigeuka vumbi, na mtazamaji hajui nani kafanya hivyo wala kwa nini. Ya tatu ni Avengers: Age of Ultron. Ya nne ni Avengers: Endgame. Kilele cha safari ya miaka kumi na moja kimekaa nafasi ya nne, na Infinity War, ambayo ndiyo sababu ya Endgame kuwepo, inakuja nyuma yake kwa kuwa E inatangulia I. Iron Man, mlango wa nyumba nzima, yuko katikati huko baada ya Guardians of the Galaxy. The Avengers ya 2012, ambamo mashujaa hawa wanakusanyika kwa mara ya kwanza, imesukumwa karibu na mkia. Watu wanaotazama hivyo huishia kusema kwamba filamu hizi hazieleweki, na hawasemi uongo. Kwa mpangilio ule hazieleweki kweli.

Hiyo ni ajali ya mashine. Ubishi wenyewe uko kati ya mipangilio miwili iliyofikiriwa na watu. Wa kwanza ni wa tarehe za kutoka: unaanza na Iron Man ya Mei 2008, unashuka moja baada ya nyingine hadi Spider-Man: Far From Home ya Julai 2019, filamu 23 kwa jumla. Wa pili unafuata wakati wa ndani ya hadithi: unaanza na Captain America: The First Avenger kwa sababu inahusu Vita vya Pili vya Dunia, unaruka hadi Captain Marvel kwa sababu inatokea mwaka 1995, ndipo unafika kwa Iron Man. Wanaoutetea huu wa pili husema ndio wa kimantiki. Mambo yaliyotangulia yatangulie.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyefundishwa vizuri fasihi ana msamiati wa kutosha wa kuliamua jambo hili. Anajua muundo wa msago, ambao matukio yake yanakwenda moja kwa moja tangu mwanzo hadi mwisho. Anajua muundo rejea, ambao mwandishi anaanzia mbele kisha anaturudisha nyuma. Anajua pia rukia, ambamo visa viwili vinapokezana. Anayepanga filamu za Marvel kwa wakati wa matukio anachukua kazi iliyotungwa kwa rejea na rukia, anailazimisha iwe msago. Swali la mhakiki ni hili: umbo linasemaje likilazimishwa?

Linakataa, na linakataa kwenye hatua ya kwanza kabisa. The First Avenger, inayowekwa mwanzo kwa kuwa ni ya miaka ya 1940, haianzii miaka ya 1940. Inaanzia siku zetu hizi, kwenye barafu, watu wenye taa wanaingia ndani ya ndege kubwa iliyogandishwa na kukuta ngao chini ya theluji. Na haiishii vitani. Inaishia New York ya sasa, Steve Rogers akiwa amesimama katikati ya magari na mabango ya umeme, anaambiwa kwamba amelala karibu miaka sabini. Maana ya filamu nzima imo katika pengo hilo: mtu aliyeahidi kumpeleka mwanamke dansi Jumamosi, akaamka Jumamosi zote zimeshapita. Ukitaka kweli kufuata wakati wa matukio, chukua mkasi ukate mwanzo wake na mwisho wake, uvipeleke mbele baada ya filamu kadhaa. Utakachobaki nacho ni sinema ya vita ya kawaida. Thor nayo inarudi hadi zama za vita na majitu ya barafu kaskazini mwa Ulaya, Guardians of the Galaxy inafunguka mwaka 1988 kitandani kwa mama anayefariki, Ant-Man inafunguka mwaka 1989. Kila moja imebeba rejea yake tumboni.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili lina uzito, na kwa hilo sihitaji kutoka Karagwe.

Mwingereza John Hanning Speke alifika kwa Omukama (mfalme) Rumanyika Novemba 1861 na kuondoka kuelekea Buganda Januari 1862. Katika kitabu chake cha 1863 ameandika kisa cha namna Rumanyika alivyostahili kiti. Ndagara, baba yake, alipofariki, wana watatu waliwania urithi: Rumanyika, Nnanaji na Rogero. Wakubwa wa ikulu wakaweka mbele yao ngoma ndogo. Kwa uzito wake wa kawaida ilikuwa kama unyoya, lakini ilikuwa imesheheni dawa kiasi kwamba asiyestahili hawezi kuiinua. Ndugu wakahangaika nayo, wakajitutumua, haikusogea. Rumanyika akaiinua kwa kidole cha mwisho.

Tazama jinsi kisa hiki kilivyojengwa. Msimulizi anatuambia kwanza kwamba ngoma ni ndogo na nyepesi, ili tusidhani shida iko kwenye misuli. Anafuata na dawa, ili tujue shida iko wapi. Analeta wanaoshindwa, na anawaacha washindwe mbele ya macho yetu, jasho likiwatoka. Kidole kinakuja mwisho, baada ya yote hayo. Ugeuze mpangilio, uanze na Rumanyika, na utapata mtu aliyeinua ngoma ndogo. Hakuna muujiza hapo, mtoto yeyote angeweza. Ile ngoma haikuwa na uzito wowote wa kwake. Uzito wote tunaousikia umetoka katika nani ametangulia na nani amefuata.

Speke ameandika pia kwamba Rogero hakukubali, vita vikazuka, na Rumanyika alimshinda kwa msaada wa Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kaze, Tabora ya leo, na bunduki zake. Hapo tena mpangilio unabeba maana. Anayesimulia ngoma kwanza na bunduki baadaye anasema kwamba haki ilikwisha kuamuliwa, vita vikaithibitisha. Anayeanza na bunduki kisha akaleta ngoma anasema kwamba mshindi alitafuta maelezo. Matukio ni yaleyale, watu ni walewale, na siasa ya Karagwe nzima inageuka kwa kuhamisha aya moja.

Bila shaka msomaji ameshakumbuka nyundo ya Thor. Nayo haiinuliwi ila na anayestahili, na safari yake ndiyo mfano mzuri kuliko wote wa jinsi filamu hizi zinavyotumia subira. Tunaiona kwanza mwishoni mwa Iron Man 2 ya 2010, katika kipande kifupi kinachokuja baada ya majina ya watengenezaji: shimo jangwani, kitu cha chuma katikati yake, na ajenti anapiga simu kusema wamekipata. Hatuelezwi ni nini. Mwaka unaofuata, katika Thor, mwenyewe anakwenda kuishika na haitoki, na mungu wa radi anapiga magoti kwenye matope. Miaka minne baadaye, katika Age of Ultron, iko mezani wakati wa sherehe na marafiki wanajaribu mmoja mmoja, kwa mzaha. Barton anaanza, anashindwa. Tony Stark, yaani Iron Man, anavaa kiganja cha chuma, anashindwa. Anaongezewa nguvu na Rhodes, wanashindwa wote wawili. Banner anajaribu. Ndipo anakuja Steve Rogers, anaikamata kwa mikono miwili, na nyundo inatikisika kidogo sana. Kamera inahamia usoni kwa Thor, na tabasamu lake linapotea. Sekunde hazifiki mbili, kisha Steve anaachia na kicheko kinarudi.

Katika Endgame, miaka minne baada ya sherehe hiyo, nyundo inanyanyuka peke yake kutoka mavumbini, inampiga adui, inarudi mkononi mwa Steve. Kelele zilizopigwa katika kumbi za sinema siku hizo, na ambazo mpaka leo hupigwa kwenye mabanda ya video filamu hiyo inapofika hapo, zinatokana na yale matukio yote ya kushindwa yaliyotangulia. Mwenye flashi ya alfabeti ameona sherehe na mavuno yake ndani ya usiku mmoja, filamu ya tatu na ya nne, na ya tano ameona Thor akihangaika kutengeneza silaha nyingine bila kujua ile ya kwanza ilivunjwa lini na nani. Amepata matukio yote. Hakupata uzito.

Hapa mfuasi wa mpangilio wa matukio anaweza kusema: lakini nyundo kwangu iko salama, filamu zake zinafuatana vilevile. Ni kweli. Kinachoharibika kwake kiko kwingine, na chanzo chake ni Captain Marvel.

Filamu hiyo ilitoka Machi 2019, ya ishirini na moja katika mlolongo, kati ya Infinity War na Endgame. Kwa wakati wa hadithi inarukia nafasi ya pili. Mtazame Nick Fury. Tangu 2008 tumemjua kama mtu wa siri mwenye kitambaa cheusi jichoni, anayejua zaidi ya anachosema. Katika The Winter Soldier ya 2014 anamwambia Steve kwa uzito wote kwamba mara ya mwisho alipomwamini mtu alipoteza jicho. Tunaamini kuna usaliti mkubwa nyuma ya kauli hiyo. Miaka mitano baadaye Captain Marvel inatuonyesha: alikwaruzwa na kiumbe mwenye umbo la paka aliyekuwa akimbembeleza. Kwa mpangilio wa kutoka, kichekesho hiki kinafika kwa mtu aliyemheshimu Fury kwa muongo mzima, na kinamwongezea ubinadamu. Kwa mpangilio wa matukio tunamwona paka kwanza. Fury anapokuja kusema maneno yale kwa Steve, tayari anachekesha, na filamu ambayo hoja yake ni kutoaminiana ndani ya serikali inapoteza nguzo yake moja.

Kuna hasara kubwa kuliko hiyo. Mwishoni mwa Infinity War, adui mkuu, Thanos, analiza vidole na nusu ya viumbe hai wanakuwa majivu. Kwenye mabanda yetu kuna kanuni inayojulikana hata na watoto: stelingi hafi. Stelingi atapigwa, atafungwa, atapigwa risasi ya bega, lakini hafi. Filamu kumi na nane zilizotangulia ziliitii kanuni hiyo kwa mashujaa wake wakuu. Ya kumi na tisa inaivunja mbele yetu, jina baada ya jina, na T'Challa, yaani Black Panther, anatoweka akiwa anamnyooshea mkono mlinzi wake ili amsaidie kusimama. Kisha, baada ya majina, Fury anabonyeza kifaa kidogo, kinaanguka, inatokea nembo tusiyoijua. Aliyetazama kwa mpangilio wa kutoka anabaki na giza na swali. Aliyefuata mpangilio wa matukio anajua jibu tangu filamu ya pili: anajua kifaa ni peja, anajua kimetolewa na nani, anajua anayeitwa ana nguvu kiasi gani. Kwake yale majivu hayakuwa msiba. Alikuwa anasubiri msaada ufike.

Filamu hizi zinafahamu thamani ya kuchelewesha hata ndani ya saa mbili na nusu za kisa kimoja. Civil War ya 2016 inafunguka mwaka 1991: askari aliyepotezwa akili anatumwa, barabara ya usiku, gari linagonga, mifuko ya dawa inachukuliwa. Hatuonyeshwi nani alikuwa garini. Muda si mrefu Tony Stark yuko mbele ya wanafunzi akiwaonyesha, kwa mashine ya kumbukumbu, mara ya mwisho alipoagana na wazazi wake, na vilevile ni 1991. Vipande viwili vimewekwa mezani mapema kabisa na filamu inatuachia tusiviunganishe. Vinaungana mwishoni, kwenye skrini ndogo ndani ya handaki la kijeshi huko Siberia, Tony akitazama huku Steve, rafiki wa muuaji, amesimama pembeni yake. Mwongozaji anayepanga hivi hakusahau tarehe. Ameificha tarehe kwa makusudi, na anayekuja na kalenda kuinyoosha anamfanyia kazi ambayo hakuomba.

Kipande kinachokuja baada ya majina nacho kinahitaji utetezi. Kwenye mabanda mengi majina yakianza kupanda mwendeshaji anazima na kuweka filamu nyingine, maana watu wameshalipa na wengine wanasubiri mlangoni. Namwelewa. Hata hivyo vile vipande ndivyo gundi ya mlolongo huu, na vimetungwa kwa mpangilio wa kutoka na si mwingine. Nyundo jangwani inaelekeza kwenye filamu itakayotoka mwaka unaofuata. Black Widow ya 2021 ni ushahidi mkali zaidi: matukio yake yanafuata mara tu baada ya Civil War, kwa hiyo mpenda kalenda ataiweka hapo, halafu baada ya majina atakutana na kaburi la Natasha, yaani Black Widow mwenyewe, ambaye kifo chake kitatokea filamu nyingi mbele, katika Endgame. Kalenda yenyewe imemfichulia siri iliyodai kuitunza.

Tuna mtu wa kati ambaye nchi zilizotunga filamu hizi hazina, naye ni mtafsiri. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, alikuwa miongoni mwa waasisi wa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, na akina DJ Mack wakaiendeleza kazi hiyo. Ng'ambo ya mto Kagera, mkabala na Murongo ya Kyerwa, Uganda nao wana ma-VJ wao, VJ Jingo akiwa miongoni mwa wanaotajwa zaidi, wanaotafsiri kwa Kiganda. Mtafsiri mzuri anaweza kumwokoa hata mwenye flashi ya alfabeti. Mhusika akitokea anamtambulisha, anakumbusha alikotoka, anaunganisha visa. Anaweza pia kuua taharuki kwa sentensi moja, akitutangazia mapema kwamba huyu unayemwona anacheka ndiye atakayekufa. Kwa mtazamaji wa banda, mtafsiri ndiye mpangilio. Nadhani wahakiki wetu wamechelewa mno kumwandikia uhakiki kama msanii kamili.

Kazi hiyo ya kumpangia msikilizaji kisa si ngeni Kagera. Tendi za enanga za Wahaya, ambazo M. M. Mulokozi alizifanyia tasnifu ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986, zina mashujaa kama Rukiza na Kachwenyanja, na mpiga enanga haanzi na babu wa kwanza wa ukoo akashuka kizazi kwa kizazi. Anaimba utendi mmoja, anaingia pale kisa kinapowaka, na yanayohitajika ya nyuma anayaleta yanapohitajika. Mpangilio wa vizazi ni kazi ya mtu mwingine, mwanahistoria. Israel Katoke alipoandika historia ya ufalme wa Karagwe, kitabu cha 1975, aliyapanga masimulizi ya Wanyambo tangu karibu mwaka 1400 hadi 1915: Nono wa Basita, Ruhinda aliyemwondoa, kisha abakama waliofuata. Kitabu hicho kina faida kubwa. Lakini kiliwezekana kwa sababu masimulizi yalikuwa yameshasikika kwa namna nyingine. Mpangilio wa matukio ni wa mtu anayerudia, anayetaka kuhakiki na kulinganisha. Kwa raundi ya pili nauunga mkono kabisa, na mtu akitazama Captain Marvel mapema safari hiyo ataona mengi ambayo yalimpita.

Nina ruhusa moja kwa anayetaka kuonja kabla ya kukaa kitako na filamu zote: aanze na Black Panther ya 2018, halafu arudi kwa Iron Man. Inasimama yenyewe. Kifo cha mfalme T'Chaka, kilichotokea Civil War, kinakumbushwa kwa taarifa fupi ya habari na inatosha. Na ufunguzi wake ni somo kamili la rejea. Skrini ikiwa giza tunamsikia mtoto akimwomba baba yake amsimulie kuhusu nyumbani, na baba anasimulia asili ya Wakanda huku picha zikijifinyanga kwa mchanga mweusi. Tunadhani mtoto ni T'Challa na msimulizi ni mfalme, kwani kwa nani kwingine hadithi ya ufalme ingehifadhiwa? Tunapokuja kumjua Erik, aliyelelewa Oakland bila nchi na bila baba, tunagundua kwamba sauti ile ilikuwa ya baba yake, N'Jobu, na mtoto aliyeomba hadithi ni yule tuliyekuwa tukimwita adui. Filamu imempa yeye neno la kwanza na imetunyima jina lake. Mkenya Lupita Nyong'o yumo, yumo Florence Kasumba aliyezaliwa Kampala, na Kisumu walifanya onyesho lao la kwanza Februari 2018. Watu wetu walijivunia nyuso hizo kwa haki. Ningependa wajivunie pia ufunguzi huo, maana ni usimulizi wa kiwango cha juu.

Kwenu wenye maduka ya kuweka muvi Kayanga, Omurushaka, Nkwenda na kwingineko: mtazamaji anategemea mikono yenu kuliko mnavyodhani. Kabla ya kumpa mteja flashi yake, andikeni namba mbele ya kila jina, 01 kwa Iron Man, 02 kwa The Incredible Hulk, 03 kwa Iron Man 2, mpaka 23 kwa Far From Home, na msikate kipande cha mwisho. Ni kazi ya dakika kumi.